Serikali za mitaa na tabianchi: tuanze na mweka hazina, siyo na azimio

Hesabu_Safi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mkutano wa dunia wa tabianchi ukiisha tunabaki kuhesabu marais waliohutubia. Halmashauri, manispaa na majiji, ambako kazi yenyewe inafanyika au inakwama, hakuna anayeyataja. Naomba tuyajadili hapa kwa utulivu.

IPCC, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, lilikadiria kuwa mwaka 2020 miji ilihusika na kati ya asilimia 67 na 72 ya gesi joto duniani, ukijumlisha na zile zinazozalishwa kwingine kwa ajili ya vitu wanavyotumia wakazi wa mijini. Sasa jiulize nani anaamua nyumba zijengwe wapi, basi lipite wapi, taka zimwagwe wapi, mtaro uwe na kina gani. Waziri? Hapana. Ni afisa mipango miji, mhandisi wa manispaa na kamati ya fedha ya madiwani.

Hoja yangu ni hii: serikali ya mitaa inaongoza pale inapotumia madaraka iliyo nayo kila siku, yaani bajeti, vibali, zabuni na sheria ndogo. Ikiishia kwenye azimio na miche inayopandwa mbele ya mgeni rasmi, haijaongoza kitu. Desemba 2016 Darebin, manispaa iliyomo ndani ya Melbourne nchini Australia, ilikuwa ya kwanza duniani kutangaza dharura ya tabianchi. Mabaraza zaidi ya elfu mbili yamefuata tangu hapo. Sina ugomvi na tangazo. Ila ukitaka kujua kama lina uzito, fungua kitabu cha bajeti cha mwaka uliofuata utazame ni fungu gani limeongezeka na lipi limekatwa. Kama hakuna, basi watu walipiga makofi wakaenda nyumbani.

Mfano ninaoupenda ni Oslo. Tangu bajeti ya mwaka 2017, jiji hilo linaandaa bajeti ya tabianchi ndani ya bajeti yake ya fedha. Kila hatua inaandikiwa tani za gesi itakazopunguza, idara inayowajibika na wakati wa kutoa taarifa. Anayesimamia zoezi zima ni upande wa fedha, siyo idara ya mazingira, na ujanja wote uko hapo. Afisa mazingira akimwandikia mwenzake wa ujenzi barua, barua hiyo inaweza kukaa kwenye trei mpaka ibadilike rangi. Mweka hazina akisema fedha hazitoki mpaka taarifa ya tani ije, taarifa inafika kabla ya chai ya saa nne.

Halafu kuna zabuni. Watu wengi wanasema magari na majengo ya halmashauri yenyewe yanatoa asilimia chache tu ya gesi za eneo lote, kwa hiyo kuyashughulikia ni kupoteza muda. Hesabu ni sahihi, lakini wanasahau kuwa halmashauri ni mnunuzi mkubwa. Oslo ilianza kuwapa alama za ziada wazabuni watakaotumia mitambo ya umeme kwenye maeneo ya ujenzi. Baadaye ikapandisha ngazi: kuanzia mwaka 2025, miradi ya ujenzi ya jiji lazima iendeshwe bila mitambo inayotoa moshi. Mashine kubwa za kuchimba zinazotumia umeme zilikuwa adimu mno walipoanza. Wakandarasi walipoona mteja wa uhakika yupo na masharti yake hayabadiliki kila mwaka, zikaanza kupatikana. Hakuna semina iliyofanya hivyo. Ni karatasi ya zabuni.

Karibuni. Hasa waliowahi kukaa ndani ya ofisi hizi, semeni ukweli wenu.

---

Nyikani

Mkuu, mada nzuri, lakini Oslo ni Oslo. Jiji tajiri, nchi tajiri, umeme wao karibu wote unatokana na maji. Halmashauri nyingi duniani hazifanani na hiyo. Mapato ya ndani hayatoshi hata mafuta ya gari la taka. Sehemu kubwa ya bajeti ni ruzuku kutoka serikali kuu, na inakuja imeshaandikwa: hii mishahara, hii madawati, hii barabara fulani. Huyo mweka hazina unayemtukuza hana cha kuzuia, maana fedha zinapita mikononi mwake zikiwa na jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo swali langu kwako: nje ya nchi tajiri, nani ameweza?

---

Hesabu_Safi

Swali la haki kabisa. Jibu langu ni Makueni na Wajir, kaunti mbili za Kenya zenye ukame wa mara kwa mara, na hakuna anayeweza kuziita tajiri.

Makueni ilitunga kanuni zake za mfuko wa tabianchi mwaka 2015 na kujifunga kisheria kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo. Wajir ilijifunga kwa asilimia 2. Ukitazama haraka ni fedha kidogo. Kilichonivutia ni jinsi zinavyogawanywa: sehemu kubwa inakwenda kwenye miradi iliyochaguliwa na kamati za wadi, ambazo wajumbe wake ni wakazi wenyewe. Mwenye mifugo anajua kisima kipi kinakauka kwanza na njia ipi ya mifugo imezibwa. Mtaalamu aliyekuja na gari la mradi hajui, na akiambiwa anaandika kitu kingine.

Tena kuna faida ambayo haionekani siku ya kwanza. Mfuko ukishakuwepo kisheria, una akaunti, una kamati na una vitabu vinavyokaguliwa, wafadhili na serikali kuu wanapata mahali pa kuingizia fedha. Kenya baadaye ilitumia muundo huo huo kujenga mpango wa nchi nzima kwa ajili ya kaunti. Ile asilimia 1 ilikuwa ndoano.

---

Mtazamaji77

Nimekaa pale. Uzi uendelee.

---

Kibali_Kwanza

Nimefanya kazi za mipango miji kwa muda, na naomba kutofautiana kidogo na mleta mada. Bajeti ni muhimu, ila fedha ya mwaka huu ikitumika vibaya, mwaka ujao unaweza kurekebisha. Kibali cha ujenzi ukikosea, kosa linasimama miaka 50 au zaidi. Barabara ndiyo mbaya kuliko vyote: majengo yanabomolewa na kujengwa upya, lakini mstari wa barabara ukishachorwa unaweza kudumu karne kadhaa. Mji ukitawanyika, kila mtu akawa na kiwanja kikubwa mbali na kazi yake, hakuna basi litakaloweza kuwahudumia kwa nauli inayolipika. Hapo umeshawauzia magari watu ambao hawajazaliwa.

Ndiyo maana nasema meza yenye nguvu kuliko zote katika jambo hili ni ya vibali. Angalieni Barcelona. Kuanzia Agosti 2000, jengo jipya au linalofanyiwa ukarabati mkubwa katika jiji hilo lilitakiwa kupata angalau asilimia 60 ya maji yake ya moto kutoka kwenye jua. Hakuna ruzuku kubwa iliyohitajika. Sharti liliingia kwenye kibali na mwenye jengo akalipia. Miji mingine ya Hispania ikanakili sheria ndogo hiyo, na mwaka 2006 sharti la aina hiyo likaingia kwenye kanuni za ujenzi za nchi nzima. Hapo mji uliongoza na taifa likafuata, siyo kinyume chake. (Wakati mwingine kuongoza maana yake ni kuandika kifungu kizuri ambacho wenzako watakiiba.)

Kwa majengo yaliyokwishajengwa kazi ni ngumu zaidi, maana mwenye jengo haji ofisini kuomba kitu. Hapo kuna njia mbili nilizozifuatilia. Tokyo, mwaka 2010, iliweka ukomo wa gesi kwa majengo makubwa na viwanda zaidi ya elfu moja. Anayevuka ukomo ananunua haki ya ziada kutoka kwa aliyepunguza zaidi ya alivyotakiwa. New York ilipitisha Sheria Na. 97 mwaka 2019, inayogusa majengo mengi yenye ukubwa wa zaidi ya futi za mraba 25,000. Ukomo wake wa kwanza ulianza mwaka 2024 na faini inahesabiwa kwa kila tani inayozidi. Kwa nini majengo? Kwa sababu katika jiji hilo ndiyo yanayotoa takriban theluthi mbili ya gesi zote. Mji mwingine ungekuta ni magari, mwingine ni taka. Lazima upime kwako kabla ya kunakili.

Na kuna kibali ambacho hakipaswi kutolewa: cha kujenga bondeni. Curitiba, Brazil, miaka ya 1970 waliamua kwamba badala ya kuufunga mto kwenye mifereji ya zege, wanunue ardhi ya pembezoni na kuifanya bustani. Bustani ya Barigui ilianzishwa mwaka 1972. Mvua ikizidi, inayojaa maji ni bustani, siyo nyumba za watu. Fikirieni gharama ya kuwaondoa watu baada ya bonde kujaa nyumba: fidia, kesi, polisi, diwani aliyeahidi kuwatetea. Kununua mapema ni rahisi kuliko chochote utakachofanya baadaye, lakini hakuna utepe wa kukata kwenye ardhi tupu, kwa hiyo wanasiasa hawaipendi.

---

Nyikani

Sawa Kibali_Kwanza, ila kwenye bonde umepita haraka. Watu wanaojenga bondeni mara nyingi hawaombi kibali. Wamekosa pengine. Ukizuia bonde bila kupima viwanja vya bei ya chini kwingine, umewafukuza tu waende kwenye bonde la jirani.

---

Kibali_Kwanza

Nakubali kabisa, na hilo ndilo linaloshinda mipango mingi mizuri. Kazi ya kuzuia bonde na kazi ya kupima viwanja vyenye maji na njia ya basi ni kazi moja. Ofisi ikifanya ya kwanza bila ya pili, imefanya usafi wa macho.

---

Sheria_Ndogo

Naona wachangiaji wanazungumza kana kwamba halmashauri ikitaka inaweza. Mimi nakuja na upande wa madaraka.

Berkeley, California, mwaka 2019 ulikuwa mji wa kwanza Marekani kuzuia mabomba ya gesi asilia kwenye majengo mapya. Chama cha wenye migahawa kikaenda mahakamani. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema sheria ya nchi kuhusu viwango vya vifaa vya nishati inaifunika ile ya mji, na mwaka 2024 Berkeley ikaifuta. Miji mingi iliyokuwa imenakili ikabaki imeduwaa.

Tozo za msongamano, yaani gari kulipa ili liingie katikati ya jiji, nazo zina funzo. London ilianza Februari 2003, na meya alikuwa na madaraka ya kufanya hivyo kwa sheria iliyoanzisha mamlaka ya jiji. Stockholm ilikuwa tofauti: kwa sheria ya Sweden tozo ile ni kodi ya dola, kwa hiyo Bunge ndilo lililopaswa kuipitisha. New York nayo ilihitaji sheria ya jimbo, ikaipata mwaka 2019, halafu wiki chache kabla ya kuanza Juni 2024 gavana akasimamisha. Ilianza Januari 2025, miaka karibu sita baada ya sheria.

Kwa hiyo kabla ya diwani kusimama na hoja, aende kwa mwanasheria wa halmashauri amuulize: hili ni letu, ni la wizara, au ni la wote wawili? Swali hilo linaokoa miaka. Na jibu likiwa «si letu», bado kuna njia. Huwezi kuzuia kifaa, lakini unaweza kuweka kiwango cha matumizi ya nishati cha jengo zima, kama kanuni zako zinaruhusu.

---

Mpita_Njia

Hiyo ya Stockholm naomba uiendeleze mkuu. Nilisikia wananchi waliipinga sana.

---

Sheria_Ndogo

Waliipinga, ndiyo. Wakafanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, na kabla ya kuanza wengi walikuwa dhidi yake. Waliongeza mabasi na safari kwanza, halafu ndipo tozo ikaanza. Magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Septemba mwaka ule ule wakapiga kura ya maoni na wakazi wa jiji wakaikubali kwa kura zilizozidi nusu kidogo. Ikawa ya kudumu Agosti 2007.

Nadhani mpangilio ndio uliowaokoa. Wangeuliza kwanza, wangekataliwa. Wangelazimisha bila kuuliza, ingefutwa na uongozi uliofuata. Watu walionja barabara tupu kwa miezi kadhaa, majaribio yakasimama, foleni zikarudi, ndipo wakaulizwa.

---

Chekecheke

Wakuu mnaruka juu juu kwenye majengo na tozo. Mimi naomba tushuke dampo.

Kwa halmashauri isiyo na fedha wala madaraka makubwa, taka ndiyo sehemu ya kuanzia, maana karibu kila mahali ni kazi yake tangu zamani na hakuna wa kubishana nayo. Kisayansi iko hivi: mabaki ya chakula na majani yakifukiwa chini ya taka nyingine yanakosa hewa. Vijidudu vinavyoishi bila oksijeni vinayaozesha na kutoa methani. Gesi hiyo haidumu angani kama hewa ukaa, lakini ukiipima kwa miaka 20 ya kwanza, kilo moja yake inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Maana yake ukiizuia leo, nafuu unaipata wewe mwenyewe, siyo mjukuu wako peke yake. Na ndiyo hiyo hiyo inayowasha mioto ya dampo inayowakohoza majirani.

Sasa, tenganisha mabaki ya chakula kabla hayajafika dampo na umekata mzizi. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza utaratibu wa kaya kulipa kwa kadiri inavyotupa. Kwenye maghorofa mengi kuna mapipa yenye mizani, unagusa kadi, yanapima, unatozwa. Sasa sehemu kubwa sana ya mabaki hayo inageuzwa kuwa mbolea, chakula cha mifugo au nishati. San Francisco ilifanya utenganishaji kuwa lazima mwaka 2009. Kamikatsu, mji mdogo wa Japani wenye watu wasiozidi elfu mbili, unatenga taka zake kwa makundi zaidi ya 40, na wakazi wanazipeleka wenyewe kituoni. Sisemi kila mtu aige makundi yote hayo, mkewe atamfukuza. Nasema mawili yanatosha kuanza: kinachooza na kisichooza.

Kinachoua miradi hii ni gari. Kaya inatenganisha vizuri wiki mbili, wiki ya tatu gari linakuja moja, linachanganya vyote mbele ya macho yao. Hapo umempoteza mwananchi huyo kabisa, na hatarudi hata ukija na mabango. Kama huna uhakika wa magari mawili, au gari moja lenye zamu mbili, usitangaze utenganishaji. Anza na masoko, migahawa, shule na hospitali, ambako mabaki ni mengi na wazalishaji ni wachache. Gari moja linatosha.

Na waokota taka wasisahaulike. Hao ndio wanaorejesha plastiki na chuma katika miji mingi, bila mshahara. Halmashauri ikimpa mwekezaji dampo zima bila kuwaweka kwenye mkataba, inavunja mfumo unaofanya kazi na kuununua upya kwa bei kubwa.

Kwa dampo ambalo limeshajaa, Durban waliweka mabomba kwenye madampo ya Mariannhill na Bisasar Road, wakavuta gesi na kuzalisha umeme. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina hiyo Afrika kusajiliwa kwenye soko la kaboni la Umoja wa Mataifa, ambako anayepunguza gesi anauza kiasi alichopunguza. Lakini hata hapo, wakazi wa karibu na Bisasar Road walikuwa wakidai kwa miaka dampo lifungwe, na baadhi yao waliona mradi wa gesi unalipa sababu ya kuendelea kuwepo. Umeme ulipatikana, harufu ikabaki kwao. Tuwe wakweli kuhusu nani anabeba nini.

---

Mtazamaji77

«Mkewe atamfukuza» 😂 Mkuu, na mume je, hatengi taka?

---

Chekecheke

Umenikamata. Mume ndiye atakayefukuzwa kwa kuchanganya.

---

Kivuli

Mimi nina ugomvi na miti. Siyo miti yenyewe, sherehe zake.

Halmashauri inatangaza imepanda miche laki kadhaa. Rudi baada ya kiangazi kimoja uhesabu iliyo hai. Mche hauhitaji mgeni rasmi, unahitaji maji miaka miwili mitatu ya mwanzo na mtu wa kufukuza mbuzi. Freetown, Sierra Leone, walilielewa hilo. Mpango wao ulioanza mwaka 2020 ulilenga miti milioni moja, na vikundi vya wakazi vinalipwa kwa kuitunza. Kila mche una kumbukumbu yake kwenye simu, mtunzaji anarudi kuupiga picha kuonyesha unaendelea. Mkataba unalipa uhai, haulipi shimo. Hiyo ni sentensi moja tu kwenye mkataba na inabadilisha kila kitu.

Medellín, Colombia, walichagua mahali. Badala ya kutawanya miti kila kona, waliipanda kwa mistari kufuata barabara na vijito, takriban njia 30 za kijani, na waliwafundisha wakazi wa maeneo ya kipato cha chini kuwa watunza bustani wa jiji. Joto kwenye njia hizo lilishuka kwa nyuzi 2 hivi. Nyuzi 2 kwa mtu aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi si kitu. Kwa anayetembea kwa miguu saa nane mchana ni tofauti kubwa.

Na joto lenyewe halihitaji kusubiri miti ikue. Mei 2010 Ahmedabad, India, ilipata wimbi la joto, na wataalamu walihesabu vifo 1,344 zaidi ya kawaida ya mwezi huo. Mwaka 2013 jiji likaandaa mpango wa kukabili joto, wa kwanza Asia ya Kusini. Hauna mambo ya ajabu: tahadhari inatolewa siku kadhaa kabla, hospitali zinajiandaa, wahudumu wa afya wanafundishwa kutambua dalili, maji ya kunywa yanawekwa mahali pa wazi, na kila mtu anajua nani anampigia nani. Mtu akiniuliza kiongozi wa mtaa afanye nini mwaka huu kwa bajeti ndogo, namwambia aanze hapo kabla ya paneli za jua.

---

Nyikani

Hii ya Ahmedabad imenigusa, maana hapa hatuongelei tena kupunguza gesi, tunaongelea kukaa hai. Halmashauri nyingi hazikuchafua anga kwa kiasi cha kutajwa. Zikiambiwa «ongozeni kupunguza» zinaona ni dharau, na mimi naziunga mkono.

---

Hesabu_Safi

Hapo tuko pamoja, lakini naomba tusivitenganishe mno. Mtaro uliozibwa na taka unaleta mafuriko. Ukizitoa taka zinazooza umepunguza methani na umezibua mtaro kwa fedha ile ile. Basi zuri linapunguza moshi, na pia linamfikisha mfanyakazi kazini.

Copenhagen ndiyo inayonifanya niseme hivyo. Tarehe 2 Julai 2011 mvua kubwa ilishuka kwa saa chache, jiji likafurika, hasara ikafika takriban dola bilioni moja. Mwaka 2012 wakatoa mpango wa mvua kubwa wenye miradi kama 300 ya kutekelezwa kwa miaka 20: barabara nyingine zinageuzwa njia za maji, bustani zinachimbwa ziwe mabwawa ya muda. Rotterdam walikwishafika huko huko. Uwanja wa Benthemplein, uliofunguliwa mwaka 2013, ni mahali pa vijana kucheza mpira siku za jua, na mvua ikija unabeba takriban lita milioni 1.7. Fedha moja, matumizi mawili.

Copenhagen hiyo hiyo iliahidi kutokuwa na mchango wowote wa hewa ukaa ifikapo 2025. Agosti 2022 ikasema haitafikia, kwa sababu mradi wa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda cha kuchoma taka ulikosa fedha za serikali kuu. Walikuwa wamekwishapunguza sehemu kubwa kwa mfumo wa kupasha nyumba joto kwa mabomba ya pamoja na kwa umeme wa upepo. Waliegemeza hatua ya mwisho kwenye mtambo mmoja na uamuzi wa watu wengine. Heri yao walisema wazi kabla mwaka wenyewe haujafika.

---

Mpita_Njia

Naomba kuuliza kitu kimoja. Diwani ana miaka minne au mitano. Mpango ni miaka 20. Akija mpinzani anafuta. Hilo mnalitatuaje?

---

Sheria_Ndogo

Njia ya kwanza ni sheria ndogo badala ya waraka. Waraka unafutwa kwa saini moja, sheria ndogo inahitaji kikao, taarifa kwa umma na kura.

Ya pili ni mikataba ya muda mrefu. Mabasi ya umeme yakishanunuliwa, hakuna anayeyarudisha. Shenzhen, China, ilipofika mwisho wa 2017 ilikuwa na mabasi 16,000 hivi, yote ya umeme, kwa msaada mkubwa wa ruzuku ya serikali kuu. Uongozi wowote unaokuja unayakuta barabarani.

Ya tatu ndiyo ngumu: kuwaingiza wapinzani mapema. Växjö, mji wa Sweden, mwaka 1996 baraza lake lilikubaliana kwa kauli moja kuachana na mafuta ya kisukuku. Vyama vyote. Walikuwa na kitu cha kuonyesha tayari, kwa sababu tangu 1980 walikuwa wakipasha joto nyumba kwa mabaki ya mbao za misitu yao, na wenye misitu wako kila chama. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupinga soko la mabaki yake mwenyewe.

---

Kibali_Kwanza

Naongeza ya nne: takwimu ziwe wazi. Cape Town, Januari 2018, mabwawa yakikaribia kukauka, jiji lilitoa ramani ya mtandaoni inayoonyesha kaya zinazotumia maji ndani ya kiwango. Februari kiwango kikawa lita 50 kwa mtu kwa siku. Pamoja na kupunguza msukumo wa maji kwenye mabomba na kupandisha bei kwa wanaotumia sana, matumizi ya jiji yalishuka mpaka chini ya nusu ya yalivyokuwa miaka mitatu nyuma. Siku iliyoogopwa, ya jiji kufunga mabomba ya majumbani, haikufika.

Lakini kuna mtego, na mweka hazina wa Hesabu_Safi angeuona wa kwanza: watu wakipunguza maji, mapato ya maji yanashuka, na mabomba bado yanahitaji matengenezo. Cape Town ililazimika kubadilisha muundo wa ankara na kuweka tozo isiyobadilika kulingana na ukubwa wa bomba. Wananchi waliolalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kubana matumizi hawakuwa wamekosea sana.

---

Hesabu_Safi

Hapo ndipo nilitaka tufike. Mtego huo uko kila mahali. Tozo ya magari ikifanikiwa, magari yanapungua na tozo inapungua. Ada ya dampo ikifanikiwa, taka zinapungua na ada inapungua. Halmashauri iliyoweka mapato hayo kulipa mishahara itaanza, kimya kimya, kutamani magari yarudi. Kwa hiyo mwenye kuandika sheria ndogo aandike na kifungu cha matumizi: fedha hii ni ya mabasi, ya vituo vya kutenganisha taka, ya mitaro, na isiguse matumizi ya kawaida.

Nyikani, upo? Ulisema mweka hazina hana cha kuzuia. Hiki hapa anacho.

---

Nyikani

Nipo. Nimekuelewa kwenye kifungu cha matumizi. Kwenye ruzuku iliyokwishaandikwa jina bado hujanijibu, maana ile ya Makueni ni mapato yenye uhuru wa kugawa. Wapo wasio na hata hiyo asilimia 1.

Kesho ntaweka hapa mfano wa halmashauri iliyobanwa hivyo, tuone mstari kwa mstari ni fungu gani lingeweza kusogezwa bila kuvunja masharti ya ruzuku. Mwenye uzoefu wa ukaguzi aje na kalamu nyekundu.